Hakuna Aliyesema "Mswalie Mtume"

Ndugu zangu, wazee wangu, na nyinyi mama zangu mlio nyuma ya pazia, adhana ya pili bado, basi tuzungumze kwa Kiswahili, kila mtu asikie, na asiyependa kusikia asikie pia.

Siku ya soko, watu wawili wa msikiti huu wameshikana mashati kwa ajili ya bidoni moja la mawese. Mmoja anasema bei walikuwa wamekwisha kupatana. Mwenzake anasema zinapungua faranga 500. Faranga 500, Waislamu! Vijana wa mtaa huu wakaokota mawe, wa mtaa ule wakaokota yao, na jiwe likaenda kumpata mtoto aliyetumwa na bibi yake kununua chumvi. Mtoto yuko hospitali Kasongo, jicho limefungwa kitambaa. Wenye ugomvi wao hawana hata mkwaruzo.

Niliwaita, kila mmoja peke yake, na wote wawili wamenipa jibu lile lile: "Shehe, hasira zilipanda, Shetani alinipitia." Jibu hili nimelichoka. Tangu nikiwa mdogo namwona Shetani anatwishwa mizigo ya watu wa Nyangwe. Katika Aal Imran, aya ya 134, Allah anawasifu wanaoizuia ghadhabu yao. Hakuwasifu wasiokasirika. Mtu huzuia kitu alicho nacho. Basi kukasirika hakuna anayekudai. Unadaiwa zile pumzi mbili baina ya neno kukufika sikioni na mkono kuinuka. Hapo ndipo moyo unapotakiwa ugeuke, na ugeuke upesi. Ukija kugeuka jioni, unapokula ugali wako umetulia, mtoto wa watu jicho limekwisha kutoka damu.

Mnaijua habari ya mwanamke aliyekuwa akilia kaburini. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita akamwambia amche Allah na asubiri. Yule mama, bila kumtambua, akamfukuza: niondokee, hujapatwa na msiba wangu. Alipoambiwa ni nani aliyemfukuza, akakimbilia mlangoni kwake kuomba radhi. Mtume akamjulisha kwamba subira ni pale pigo linapotua mara ya kwanza. Kilio kikishachoka, kila mtu ni mwenye subira. Hata mwizi husubiri akishafungwa.

Mmoja wa wale wawili ameniambia, "Shehe, wewe hukuwepo. Hakuna mtu anayeweza kujigeuza kwa wakati ule." Hakuna? Umar bin al-Khattab alikuwa mtu wa hasira kuliko wewe na mimi na mtaa mzima. Alikuwa Khalifa, jeshi lake, hazina yake. Akaingia kwake Uyayna bin Hisn, akamtukana usoni: hutupi cha maana, wala huhukumu kwa haki. Umar akawaka, akataka kumwadhibu. Palikuwapo kijana, al-Hurr bin Qays, mtoto wa nduguye huyo huyo Uyayna. Akamsomea Umar aya ya 199 ya Sura al-Aaraf: shika kusamehe, amrisha mema, wapuuze wajinga. Akaongeza kuwa huyu ni mmoja wa hao wajinga. Waliosimulia wanaapa kwamba Umar hakuivuka aya ile. Mkono ulirudi.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye uchungu wangu. Umar hakujikumbusha mwenyewe. Alikumbushwa. Kijana aliyekuwa karibu alifungua mdomo. Nyinyi mliokuwa sokoni, na nimehesabu nyuso zenu tangu nimekaa hapa mbele, nani kati yenu alifungua mdomo? Sisi Waswahili tuna neno letu la kumwambia mtu aliyewaka, hata mtoto analijua: mswalie Mtume! Hakuna aliyelisema. Mlinyanyua simu mkapiga video. Mmoja, tena ni mtu wa kufuga ndevu, nimesikia sauti yake ndani ya video ile akicheka na kusema, "Mpige!"

Nyangwe haina ruhusa ya kuucheza mchezo huu. Kila mahali pana ugomvi wa soko, lakini hapa kwetu ugomvi wa soko una makaburi. Tarehe 15 Julai 1871 soko letu lilijaa, watu kama elfu moja na mia tano, wengi wao wanawake wamevuka mto na samaki, mihogo na mafuta yao. Msafiri Mskoti, Livingstone, alikuwapo, amefika tangu Machi. Karatasi zilikuwa zimemwishia, akawa anaandika juu ya magazeti makuukuu kwa wino wa matunda. Ameandika kwamba aliona watu watatu wa Dugumbe, mfanyabiashara aliyekuwa amekuja karibuni, wameingia sokoni na bunduki. Mtu mmoja wa Livingstone akawakemea. Livingstone mwenyewe alitaka kuwakemea, kisha akaona labda ni ugeni wao tu, na jua lilikuwa kali, akaanza kuondoka. Mara akamwona mmoja wao anagombania bei ya kuku, amemkamata yule kuku. Bunduki zikalia. Wanawake wakakimbilia mitumbwi, mitumbwi ikasongamana kwenye mkono wa mto, wakajitupa Lualaba. Waarabu wenyewe waliofanya biashara pale walikisia waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Dugumbe alitia watu mtumbwini kuokoa waliokuwa majini, wakaokolewa 21.

Kwa kuku, ndugu zangu.

Najua kuna mzee hapa ataniambia hayo ni maandishi ya wazungu, waliyatumia kutuchafua, kisha jeshi la Leopold, mfalme wa Ubelgiji, likaja 1893 likaichukua Nyangwe. Ni kweli waliyatumia. Na wataalamu walioyasoma upya magazeti yale wanajiuliza kama mikono ya watu wa Livingstone nayo ilikuwa safi. Lakini mzee wangu, wanawake wale walizama au hawakuzama? Na wale wa bunduki, wakiulizwa dini yao, wangejibu nini? Mtu wa kukemea alikuwapo mmoja. Mwingine alisumbuliwa na jua. Mimi nasema jua lile bado linawaka Nyangwe, maana kila nikiuliza "kwa nini ulinyamaza?" naambiwa palikuwa na joto, palikuwa na watu, hayakunihusu.

Wala msidhani kukumbushwa kunatosha bila moyo uliozoea kukumbushwa. Watu wawili walitukanana mbele ya Mtume, mmoja uso umekuwa mwekundu, mishipa imevimba. Mtume akasema analijua neno ambalo akilisema, hasira itamtoka: audhu billahi mina sh-shaytani r-rajim. Alipoambiwa, yule mtu akajibu, kwani mimi ni mwendawazimu? Dawa imefika mdomoni akaitema. Mgenya, mvuvi wa mto wetu, hajifunzi kupiga kafi siku mtumbwi unapoingia kwenye maji ya mzingo. Kama nyumbani, mke akichelewesha maji ya kuoga, ulimi wako haujawahi kurudi nyuma hata mara moja, sokoni utarudi kwa muujiza gani? Mtume amefundisha aliyesimama akikasirika akae, na hasira isipomtoka alale. Nani amewahi kukuona umekaa chini katikati ya ugomvi? Tunaona aibu. Aibu ya kukaa chini tunayo, ya jicho la mtoto hatuna.

Mnataka kujua nani aliyezima ugomvi ule? Mama anayeuza ndizi. Si Mwislamu, ni mtu wa misheni. Watu wazima wanavutana, yeye akapita katikati yao, akalivuta lile bidoni hadi kwenye meza yake, akalikalia. Akasema, "Sasa gombaneni, mawese hayapo." Wakabaki wanatazamana. Allah amlipe kheri mama yule, na atusamehe sisi tulioacha kazi yetu ikafanywa naye.

Baada ya swala hii, wale wawili wanabaki. Gharama ya hospitali ya Kasongo wataigawana, wazee wa mitaa yote miwili watasimamia. Na waliokuwa wamesimama karibu nao, wenye simu na wasio na simu, wanabaki vilevile, nianze na wao.