Nani aghani shairi la mwenye kuogopa?

Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Kiseke, Mwanza, na kwa muda mrefu nimekuwa nikijihesabu miongoni mwa watunzi. Si malenga, lakini mizani naijua na vina havinipotei. Mwaka jana, siku ya kufunga muhula, watoto walighani utenzi niliowatungia kuhusu ndugu zetu wenye ualbino. Baadhi ya wazazi walilia. Nami nikajiona nimefanya kazi.

Tulipomaliza, mama mmoja alinifuata pembeni. Mwanawe ana ualbino na ni mwanafunzi wangu. "Ustadhi, usiniudhikie," alisema. "Utenzi ni mzuri. Ila mwanangu umemzika beti ishirini nzima, na yeye amekaa pale anasikiliza."

Sikuwa na jibu.

Hofu ya mama yule haikutokana na uvumi. Wimbi la mauaji lilianza kutangazwa sana kuanzia mwaka 2007, na Kanda ya Ziwa ndiyo iliyobeba aibu kubwa. Desemba 2014 binti wa miaka minne aliibwa nyumbani kwao wilayani Kwimba, mkoa huu huu wa Mwanza. Mwaka 2024, tukidhani tumepona, mtoto wa miaka miwili akachukuliwa na kuuawa mkoani Kagera. Sababu ni ile ile: wako wanaoamini kuwa viungo vya binadamu huleta utajiri, na wako waganga wanaowaaminisha hivyo.

Sasa, je, mimi niliyelala salama nina haki gani ya kulighani shairi la mwenye hofu? Mwisho wa Surat Shu'araa washairi wanalaumiwa kwa kutangatanga katika kila bonde na kusema wasiyoyatenda. Kisha wanatolewa baadhi yao: walioamini, wakatenda mema, wakamkumbuka Allah kwa wingi, na wakajitetea baada ya kudhulumiwa. Miaka yote nilijiweka katika kundi hili la mwisho bila kujiuliza nimedhulumiwa na nani. Ni kweli, Hassan bin Thabit alimtetea Mtume (s.a.w.) kwa mashairi, kwa hiyo kumsemea mwingine si kosa. Lakini Hassan aliwaelekea maadui na kuwajibu. Mimi niliwaelekea wazazi waliokwisha kukubaliana nami, na aliyetishika ukumbini akawa ni mtoto yule peke yake.

Nilimkumbuka Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Mwaka 1968, akiwa kijana wa miaka 22, alitoa waraka wa Kenya: Twendapi? kuihoji serikali ya KANU, akahukumiwa kwa uchochezi na kukaa gerezani kuanzia 1969 hadi 1972. Humo ndani, akiwa amefungiwa peke yake, aliandika mashairi kwenye karatasi za chooni, yakatolewa nje kwa siri. Yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata kitabu kikapewa tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, Rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga! Moja ya mashairi hayo linamzungumzia mamba, na msomaji hahitaji kuambiwa kuwa mamba yule si wa mtoni. Fumbo ni vazi la mnyonge. Hata hivyo Abdilatif angeweza kuyaficha maneno yake. Mtoto mwenye ualbino ataificha wapi ngozi yake?

Jirani zaidi kuna Ukerewe, kisiwa tunachokifikia kwa meli. Mwaka 2017 ilitoka albamu ya nyimbo zilizotungwa na kuimbwa na wakazi wa huko wenye ualbino wenyewe. Watu waliozoea kunong'onwa wakawa ndio wasemaji.

Basi nikamwomba kijana aandike lake. Wiki mbili baadaye alinikabidhi daftari. Hakuna panga humo wala mganga. Kuna kofia iliyopotea, jua la saa saba, ubao asiouona akiwa mkeka wa nyuma, na kijana wa bodaboda anayempigia kelele "dili!" kila akipita. Mizani ilikuwa mbovu. Nilishika kalamu nisahihishe, nikaiweka chini.

Nilimwambia mama yake kuwa ningependa alighani mbele ya watu. Akakataa. "Akisimama pale watampiga picha, na picha zinasafiri." Nikamweleza habari za Abdilatif. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Huyo alikuwa mtu mzima, alijua anaingia wapi. Huyu ana miaka kumi na mmoja." Nimelifikiria neno hilo mara nyingi. Sisi wapenda mashairi huwa twepesi kumtaka mnyonge apaze sauti, na gharama ya sauti hiyo hatuilipi sisi.

Tulikubaliana asome darasani tu. Alisoma siku ya Alhamisi, mlango umefungwa, wenzake kumi na wanne wakiitikia kibwagizo, na waliposikia habari ya bodaboda wawili walicheka kisha wakanyamaza. Siku ile ile nilimhamishia mkeka wa mbele.