Alimtenga na Mkutano

Somo: Marko 7:31–37



Watu walipomleta yule kiziwi, Bwana Yesu hakumhudumia palepale mbele ya wote. Alimtoa kwanza penye kelele. Kisha, kwa kuwa mtu yule hasikii maneno, alimwonyesha kwa vidole: akagusa masikio, akagusa ulimi, akatazama mbinguni. Hivyo alielewa atakalotendewa.

Juzi mama mmoja wa Butiama alinijia. Mwanawe ana usonji, na Januari anahamia shule ya Musoma yenye mwalimu aliyesomea elimu maalumu. Akasema, "Baba Mchungaji, nisipompeleka atabaki ndani. Nikimpeleka atapiga kelele, nao watatucheka. Hata hapa kanisani mlitutoa nje."

Neno hilo lilinichoma, maana ni kweli. Ngoma zilipolia mtoto aliziba masikio akalia, na mzee mmoja akawaonyesha mlango. Mimi nilikuwapo, nikanyamaza. Nimemwomba mama huyo msamaha.

Ndugu, usonji si laana, si pepo, wala si malezi mabaya. Ni namna ubongo wa mtoto ulivyokua. Miaka ya 1950 na 1960 hata madaktari wa Ulaya na Marekani waliwalaumu akina mama kwamba hawana upendo. Baadaye ilionekana wamekosea. Basi tusirudie kosa lililokwisha kuachwa.

Mtoto wa namna hii hushika sana utaratibu anaoujua, na badiliko la ghafla humtisha. Kwa hiyo tumtendee kama Bwana alivyotenda.

Kwanza, aonyeshwe mapema. Apelekwe Jumamosi shule ikiwa kimya, alione lango, darasa, choo na mahali pa kunywea maji. Aende tena na tena. Nyumbani achorewe picha za siku nzima, tangu kuamka hadi kurudi.

Pili, mwalimu aambiwe kwa maandishi: nini humtisha, nini humtuliza, huombaje maji asiposema. Kama mlio wa kengele humwumiza, akae mbali nayo.

Tatu, apewe mwenzake mmoja mpole wa kukaa naye na kutoka naye mapumzikoni. Wengi watamchosha.

Haki ya mtoto huyu kusoma imo katika Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Lakini sheria haimshiki mtoto mkono hadi langoni. Hiyo ni kazi yetu.

Mwaka 1934 mtoto mwingine alitoka Butiama kwenda shule ya Mwisenge, Musoma. Nyumbani kwao walisema Kizanaki. Huyo ndiye Mwalimu Julius Nyerere. Hatudai kila mtoto awe Rais. Twataka kila mtoto apate mtu wa kumpeleka, na mtu wa kumpokea.

Basi nawaomba ninyi wa Musoma, Bunda na Butiama: mwenye jirani aliyemficha mtoto ndani, amtembelee bila kuuliza maswali ya aibu. Mwenye mtoto katika shule ile, amfundishe kutomcheka mgeni. Na Jumapili mama yule atakaporudi, kiti cha karibu na mlango kitakuwa chao. Mtoto akichoka atatoka kidogo, kisha atarudi. Hakuna atakayewaonyesha mlango.

Tumwombe Bwana atupe uvumilivu wake. Amina.