Jina Lililopatikana Safarini

Somo: Matendo ya Mitume 11:19–26; 13:1–3



Katika karne ya 19 maelfu ya wapagazi walishuka kutoka nchi ya Tabora, wakichukua pembe za ndovu hata Bagamoyo. Kwao kila mtu alijulikana kwa nchi ya mtemi wake, kama Unyanyembe au Urambo. Walipofika pwani waliitwa wote jina moja, Wanyamwezi, nao wakalipokea. Basi jina tunalodhani ni la tangu asili lilienea njiani, kati ya wageni. Tena wakawa watani na Wazaramo. Na mtu akifa mbali na kwao, watani walishika kazi ya mazishi.

Nasi tu wageni vivyo hivyo. Toka Tegeta na Bunju hata Bagamoyo twakaa Wachaga, Wahaya, Wapare, Wasambaa na Wanyakyusa, pamoja na Wakwere na Wazaramo wenye nchi. Vyama vya watu wa kwetu hatuvilaumu. Ni neno jema kuchangia jeneza na nauli ya kumrudisha marehemu nyumbani. Lakini yule asiye na mtu wa kabila lake mtaani, akilala na homa siku tatu, ni nani agongaye mlango wake? Tukitoka kanisani twasimama makundi makundi, kila kundi na lugha yake, naye hupita katikati yetu, aenda zake. Tumemwimbia Mungu pamoja naye, wala jina lake hatukumwuliza. Hii ni dhambi, na tuitubu.

Antiokia nao ulikuwa mji wa wageni. Barnaba alitoka Kipro, Sauli Tarso, Lukio Kirene. Wala Lukio hakuacha kuitwa Mkirene. Lakini walifunga na kuomba pamoja. Na ni huko, si Yerusalemu, wanafunzi walikoitwa Wakristo mara ya kwanza. Jina letu nalo lilipatikana mjini, kati ya wageni.

Basi tusiwanyime watoto lugha ya babu zao, maana ni kipawa cha Mungu. Wala tusiifanye ua wa kumfungia ndugu nje. Ninyi waalimu, andikeni majina ya wasio na jamaa hapa, mkawape wazee wa kanisa wa kabila jingine wawaendee. Mpagazi alipata mtani wa kumzika. Je, sisi wa meza moja ya Bwana tushindwe kumtazama ndugu angali hai?

Amani ya Bwana iwe nanyi.