Muhuri wa Mtoto Mchanga
Msikilizaji, mzazi aliyeasili mtoto ugenini huona kila muhuri wa uhamiaji kama kikwazo. Mimi nauona kama ulinzi wa mtoto asiyeweza kusema yeye ni wa nani. Mwaka 2007, mjini Abéché, Chad, shirika moja la Kifaransa lilizuiwa likitaka kuwasafirisha watoto 103 kwa ndege hadi Ufaransa kwa jina la yatima. Wengi wao walikuwa na jamaa walio hai. Wengine walifungwa bandeji ili waonekane majeruhi, na jeraha hawana. Utasema ucheleweshaji nao huumiza. Kweli: Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliposimamisha vibali vya watoto walioasiliwa kutoka nchini mwaka 2013, walikwama hata watoto waliokwisha kuasiliwa kihalali. Lakini dawa ni kuhakiki mapema, kabla mtoto hajazoea harufu ya mama mpya, si kufumba macho uwanja wa ndege huku kijijini mama mwingine akiulizia mwanawe.