Ukinipendekezea Filamu, Unanijua?

“Nitazame nini wikendi hii?” Swali jepesi, sivyo? Lakini anayelijibu anapewa usiku mzima wa mtu mwingine. Je, ana wajibu wowote kwake?

Mimi nasema anao. Chukua Supa Modo ya Likarion Wainaina, filamu ya Kenya ya mwaka 2018. Jo ana miaka 9, anaumwa ugonjwa usiopona, na ndoto yake ni kuwa shujaa wa kwenye sinema. Dada yake, Mwix, anamfanya aamini kwamba nguvu hizo anazo kweli, na kijiji kizima kinaingia kwenye mchezo. Naipenda mno. Sasa rafiki yangu aliyemzika mwanawe akiniuliza cha kutazama, nimtajie?

Programu ya simu itamletea tu, kwa kuwa juzi alitazama kitu cha watoto. Haijui msiba. Mimi naujua, nilikaa msibani naye.

Kwa hiyo nitamwambia: ni nzuri, inachekesha, ila ina mtoto mgonjwa na hatapona. Siku uichague mwenyewe. Wapo watakaosema namharibia uhondo. Wengine watasema hata Mwix alificha ukweli kwa upendo.

Ni kweli. Lakini Mwix alikuwa kando ya Jo. Filamu za nyumbani tunazitazama peke yetu, taa zimezimwa, na aliyependekeza kalala kwake. Kama sitakuwepo machozi yakitoka, angalau niwe nimesema mapema.