Je, Kipimo Huumba Ukweli?

Sokoni Mwanakwerekwe vitunguu huwekwa mizanini. Mizani haiumbi uzito, huukuta. Mwanafunzi wa chuo kikuu huingia na dhana hiyohiyo katika fizikia ya kwanta, elimu ya chembe ndogo mno, ndipo anapotatizika.

Mwaka 1922, mjini Frankfurt, Stern na Gerlach walipitisha atomi za fedha katikati ya sumaku. Zikagawanyika mafungu mawili tu, la juu na la chini. Sasa, fungu la juu likipimwa kulia na kushoto kwa sumaku iliyolazwa ubavu, kisha likapimwa tena juu na chini, jibu la kwanza huwa limefutika: nusu huenda juu, nusu chini. Hapa kipimo si shahidi tu, bali ni mshiriki.

Basi wako wasemao kwamba ukweli ni vile mtu apendavyo. La, hasha! Mpimaji huchagua swali, wala hachagui jibu. Na nusu kwa nusu ile haibadiliki kwa matamanio ya yeyote, awe Unguja au Ulaya. Mwalimu na amfundishe mwanafunzi mambo mawili pamoja: unyenyekevu wa kutodai jibu la swali lisiloulizwa, na uaminifu wa kuandika jibu lililotoka, hata kama silo alilolitamani.