Tumemzika mzee wa Saza, ng'ombe wake tusiwale

 

Ndugu msomaji, Saza ipo katika Wilaya ya Songwe, ambayo makao makuu yake ni Mkwajuni. Kabla ya Mkoa wa Songwe kuanzishwa mwaka 2016, sote tulikuwa tukisema Saza ya Chunya, Mbeya. Mtu akiisikia Saza anafikiria dhahabu, wala hakosei. Mgodi wa Saza ulikuwa miongoni mwa migodi mikubwa ya Lupa zama za Mwingereza, ukafungwa mwaka 1956, na hadi leo wachimbaji wadogo wanashuka kwenye maduara na kusaga mawe kwenye makarasha. Lakini mzee ninayetaka kumkumbuka hapa hakuacha dhahabu. Aliacha mjane, watoto watano, shamba, ng'ombe na daftari moja la shule lililochakaa.

Jina lake silitaji, kwa kuwa familia yake ipo. Baba yake alifika Lupa kufuata kazi ya mgodi, na mgodi ulipofungwa akabaki kulima. Yeye mwenyewe ujanani aliwahi kushuka duarani. Alipooa akaacha, akasema hawezi kumpa mke na watoto chakula ambacho hakijulikani kitapatikana mwezi huu au mwaka ujao. Akanunua plau na maksai wawili. Alilima mahindi, karanga na ufuta. Akiswali Alfajiri anaelekea shamba, na Adhuhuri ikimkuta huko anaswali chini ya mti. Jioni anateka maji na kuchanja kuni bila kuona haya mbele ya wanaume wenzake. Walipomcheka aliwajibu kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akishona viatu vyake na kuwahudumia watu wa nyumbani kwake, sasa yeye ni nani?

Mimi nilimjua kwa ufuta. Nilikuwa nikifanya biashara Tunduma, na kila msimu nikipita vijijini kununua. Wanunuzi wenzangu wanajua taabu zake: mchanga ndani ya gunia, ufuta mbichi chini na mkavu juu. Mwaka mmoja mzee huyu alinipeleka pembeni akaniambia, "Mwanangu, gunia hili lilinyeshewa. Lipime peke yake, na bei yake iwe ya chini." Nilikuwa sijaligusa. Nikaikumbuka ile habari ya Mtume (S.A.W.) sokoni, alipoingiza mkono katika rundo la nafaka akakuta unyevu, akamkemea muuzaji kwa kutouweka juu watu wauone. Wengi wetu habari ile tunaisimulia mimbarini. Yule mzee aliifanya kwa hasara yake.

Alifariki mwanzoni mwa mwaka 2019, mvua zikiwa zimekolea. Nilifika siku ya tatu. Nikakuta mjadala, na mjadala huo ndio ulionifanya niandike makala haya.

Kaka wa marehemu, mtu mzima na mwenye kuheshimiwa, alikuwa ameshapanga mambo. Achinjwe ng'ombe mmoja siku hiyo kwa ajili ya waliofika, na wawili siku ya arobaini, ili watu wajue kuwa aliyeondoka hakuwa mtu mdogo. Ng'ombe watakaobaki wagawiwe vijana wawili wa kiume, kwani mabinti wawili wakubwa wameshaolewa na wanakula kwa waume zao. Binti wa tatu alikuwa darasa la nne. Huyo hakutajwa kabisa.

Imamu wa msikiti wao, msikiti mdogo wa bati, aliwaacha wamalize. Kisha akaomba lile daftari. Humo marehemu alikuwa ameandika kwa mkono wake anachodaiwa: mbolea aliyokopa kwa mwenye duka mmoja wa Mkwajuni, ambaye ni Mkristo. Mtu mmoja akasema huyo atasubiri. Imamu akamuuliza kama amesahau kuwa Mtume (S.A.W.) alisimama mbele ya jeneza la mtu mwenye deni la dinari chache asimswalie, mpaka Abu Qatada (R.A.) alipojitwika deni hilo. Haki ya mtu ni haki, awe wa dini gani. Ndipo akaeleza utaratibu wa mirathi: deni, kisha wasia usiozidi thuluthi, kisha warithi.

Wakahesabu ng'ombe zizini, wakapata 19. Mjane akasema kwa sauti ndogo kuwa wawili ni wake, aliwanunua kwa ufuta wa shamba lake mwenyewe. Watoto wakathibitisha. Basi hao si mirathi, wakatolewa. Mmoja akauzwa kulipa mbolea. Wakabaki 16. Wazazi wa marehemu walikwishatangulia, hivyo mjane ana thumuni, yaani wawili. Wale 14 ni wa watoto, mwanamume kwa mafungu mawili ya mwanamke: kila kijana wanne, kila binti wawili. Hesabu hii hata mtoto wa darasa la nne anaiweza, na huenda ndiyo sababu tunaikwepa.

Kaka mtu akauliza, na arobaini je? Imamu akasema vijana na dada zao waliokwishakuwa watu wazima wakitaka kutoa sadaka katika mafungu yao, hiyo ni hiari yao. Lakini kabla ya kugawa, kila ng'ombe ana sehemu ya yatima ndani yake, na Qur'ani imewaonya wanaokula mali ya yatima kwa dhulma kuwa wanakula moto. Akawakumbusha pia kuwa Jaafar bin Abi Talib (R.A.) alipouawa vitani Mu'ta, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (S.A.W.) aliamuru watu waipikie familia ya Jaafar, kwa sababu imefikwa na jambo la kuishughulisha. Sisi tunafanya kinyume. Mjane analia huku anahangaikia sufuria za wageni.

Nataka niseme kweli: nami nilikuwa nimekaa pale nikisubiri nyama. Niliona aibu.

Saad bin Abi Waqqas (R.A.) alipougua alitaka kutoa mali yake nyingi sadaka. Mtume (S.A.W.) akamzuia asivuke thuluthi, na akamwambia kuwa hiyo nayo ni nyingi, kwani kuwaacha warithi wakijitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakiomba watu. Ikiwa mwenye mali mwenyewe aliwekewa mpaka huo kwa ajili ya watoto wake, sisi waombolezaji tumepata wapi ruhusa ya kuchinja?

Kaka mtu aliondoka amenuna, na siku ya arobaini hakuonekana. Majirani walileta unga, maharage na kuku wachache, wakiwemo Wakristo wa kijiji hicho. Ikasomwa dua, watu wakala, wakaondoka kabla ya Alasiri.

Nilipita tena Saza mwaka 2021. Kijana mkubwa alikuwa akilima kwa plau ile ile ya baba yake. Akanionyesha ng'ombe wa mdogo wake wa kike, waliotiwa alama sikioni wasichanganyike na wa wengine. Walikuwa wamefika wanne.